Chuo Kimehama, Majengo Yapo Palepale

Kisesa, 9 Februari 2025

Kwako mdogo wangu Shimba,

Nakuandikia nikiwa na Rebeka mgongoni, amelala, nikikohoa tu ataamka. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapinda usinicheke, wewe uliyesoma. Sisi wazima. Mama goti limetulia tangu alipokubali wenzake wamchotee maji. Ng'ombe mweusi amezaa. Mahindi ya kando ya barabara yamekauka, ya bondeni yanatupa moyo. Rebeka ana meno mapya na ameyajaribia kwangu. Baba mzima, sauti imemrudi, na hiyo sauti ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Barua hii nampa katekista Elias aipeleke posta mjini. Majibu yako tuma kwa sanduku la parokia, usitume kwenye simu. Simu ni ya baba, na unajua anavyosikiliza ujumbe wako. Anaiweka ndani ya kinu ili sauti ipande, halafu anaita majirani.

Sasa ujumbe wako wa Krismasi ulisema hivi: "Chuo chetu kimehama ligi kwa sababu ya televisheni." Watu wote walisikia. Baba yeye alisikia neno moja tu, la mwisho. Wiki ile ile akamleta fundi Antoni kutoka Nyamagana na dishi na king'amuzi. Antoni akaapa kwamba kile kidude kinaonyesha vyuo vyote vya Marekani. Uwanja ukajaa. Hata Mzee Yeremia alivuka barabara akaja na kigoda chake, akakaa mbele kabisa kama bwana harusi.

Tukaona watu warefu wanatia mpira kwenye kikapu kisicho na kitako. Yeremia akauliza, "Chenge, wako ni yupi hapo?"

Baba akasema, "Bado hajaingia."

Mdogo wangu, baba yako alisema bado hujaingia mpaka kioo kikaanza kuonyesha mama mmoja anakaanga mayai. Yeremia akanyanyua kigoda chake taratibu. "Labda yuko jikoni," akasema.

Mimi nilicheka, usinichukie. Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Baba ameshaanza kutunga wimbo wa Juni. Anataka siku ya mashindano ya ngoma awaimbie Bagika wote, kundi la Yeremia, kwamba mwanawe anakimbia ndani ya kioo. Na Yeremia naye anatunga. Akigundua kwamba wewe humo ndani ya kioo, unajua watakachotufanya. Wimbo wa Bagika haufutiki. Ule wa babu na mbuzi wa mkwewe unaimbwa mpaka leo, na babu ameshaoza.

Basi niambie mimi, taratibu, kama unamwambia mtu aliyeishia kidato cha pili. Chuo kinahamaje? Majengo yameondoka? Na wewe utaonekana lini?

Dada yako anayekuombea,
Bernadeta


Marekani, 16 Machi 2025

Dada Bernadeta, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha Rebeka kwenye kona, au ni chako chenye mafuta, nimeamua ni cha Rebeka. Nimeibandika ukutani. Huku theluji inayeyuka, barabara ni tope jeusi. Nakula vizuri. Nafanya kazi jikoni mwa chuo jioni, kwa hiyo Mzee Yeremia alikuwa na ukweli kidogo, lakini usimwambie.

Umenipa habari za kila mtu mpaka ng'ombe, ila shemeji Nestory hukumtaja.

Kuhusu ligi. Majengo yapo palepale. Vyuo vya huku hushindana kwa makundi, na zamani kundi letu lilikuwa la majirani. Ng'ambo ya mto kuna chuo kingine kidogo, tumeshindana nao tangu wazee wa hapa walipokuwa vijana. Watu wao walikuwa wanakuja na kengele za ng'ombe kutuzomea. Sasa kuna kampuni za televisheni zinazonunua haki ya kuonyesha michezo, na zinalipa kundi zima, halafu vyuo vinagawana. Kundi lenye vyuo vyenye majina makubwa linalipwa mara nyingi zaidi ya kundi la majirani. Wakubwa wa chuo wakapigiwa hesabu, wakawaaga majirani, wakajiunga na kundi la vyuo vilivyotapakaa nchi nzima. Kwenda kushindana tunakaa kwenye ndege kwa muda wa saa nne, tano.

Pesa zenyewe zinaletwa na mpira wao wa miguu, ambao wanaubeba mkononi huku wamevaa kofia ngumu na kugongana vichwa. Ndio unaotazamwa. Uwanja wao umewekewa taa mpya, na kocha wao analipwa kuliko mkuu wa chuo. Mwaka jana walifungwa karibu kila mechi, lakini walifungwa kwenye televisheni.

Hivyo ndivyo ilivyo. Kila kitu kinaenda. Mwambie baba asiharakishe ule wimbo. Wimbo mzuri hauna haraka.

Msalimie mama. Mbusu Rebeka.

Shimba


Kisesa, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Shimba mdogo wangu,

Marahaba. Pasaka imepita salama, mvua imeosha watu wakiwa na nguo mpya. Mama alipika wali, Rebeka alikula kwa mikono yote miwili na mwingine akajipaka kichwani. Anasimama sasa akishika kinu. Nikimwangalia nasema huyu atafika mbali kuliko sisi, atasoma mpaka walimu waombe kupumzika. Shemeji yako yupo Ukerewe kwenye dagaa. Ndiyo hivyo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikasema, kumbe wasomi ni watu wa ajabu. Nikaisoma mara ya pili, nikahisi hasira. Sikiliza, maana mimi ni mtoto wa manju na wewe ni mtoto wa manju, hatuwezi kudanganyana kwenye mambo ya mashindano.

Siku ya ngoma, Bagalu wa baba wanasimama huku, Bagika wa Yeremia wanasimama kule, wanaanza wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu wako katikati, na watu wana miguu. Wakiipenda ngoma yako wanakuja kwako, wakichoka wanakwenda kwa mwenzako, na mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Sasa hao wakubwa wako wamehamisha ngoma ikachezwe mbali, mahali ambapo watu hawawezi kuja na hawawezi kuondoka. Mtu ananunua taa, anaingia kwenye ndege, anakwenda kupigwa na mgeni asiyejua hata jina la baba yake. Mgeni huyo atamtukana nini? Atajua mbuzi gani waliibwa na nani? Yeremia anamjua baba mpaka jino linalomuuma, ndiyo maana matusi yake yana ladha. Hao wenzako wamelipwa wakafungwe na watu wasiowafahamu, na wanajiona wajanja. Ningekuwa na hao wakubwa hapa ningewapa majembe wayarushe juu kama vijana wa baba kwenye ngoma, niwaone wakiyadaka na vichwa. Kofia ngumu si wanazo.

Na wale wa kengele za ng'ombe waliachwa wamzomee nani?

Lakini hayo ni ya wakubwa wako. Yangu ni haya. Umeniandikia kuhusu mpira wa watu wengine, taa zao, kocha wao, vichwa vyao. Wewe ulikwenda huko kukimbia. Hujaandika neno hata moja kuhusu miguu yako. Ulipokuwa mdogo ukiwa umekula sukari ya mama ulikuwa unasimulia habari za mvua ili usiulizwe.

Baba wimbo umefika nusu. Anaufundisha vijana kila jioni, na Bagika wanapita barabarani polepole kama watu wanaotafuta kuku aliyepotea. Antoni amekuja kuongeza dishi la pili. Nimemwambia Antoni, hata ukiweka sufuria zote za mama juu ya paa, mtu asiyekuwemo hataonekana. Akasema, "Dada, teknolojia ni subira." Amekula ugali wetu akaondoka.

Niambie ukweli kabla ya Juni. Mimi siogopi ukweli, naogopa Yeremia aujue kwanza.

Dada yako,
Bernadeta


Marekani, 18 Mei 2025

Shikamoo dada.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipata mapema. Nilikuwa naizunguka.

Timu ya mbio imefutwa. Walituita kwenye ukumbi mwezi wa pili, kabla hata sijakujibu ile ya kwanza. Bwana mmoja aliyevaa fulana ya chuo juu ya shati na tai akasema ligi mpya ina gharama zake, ndege, hoteli, na kwamba chuo kimechagua kuwekeza kwenye michezo inayotazamwa. Akasema tunabaki kuwa familia. Mwenzangu mmoja akauliza kama familia itaendelea kula. Wakacheka wale wa mbele. Tumemaliza msimu wiki iliyopita, na kocha wetu amefunga vitu vyake kwenye gari ameondoka.

Ufadhili wangu ulikuwa wa kukimbia. Agosti unakwisha. Bila huo sina ada, na bila ada sina kibali cha kukaa.

Kuna njia moja, na ndiyo iliyonifanya nikae kimya. Ni kile chuo cha ng'ambo ya mto. Kocha wao ni mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, alikuwa ananizomea kila mwaka. Alinisubiri nje ya jikoni akaniambia, "Njoo kwetu, nitakulipia masomo yote, utakimbia." Wao wamebaki kwenye lile kundi la zamani la majirani. Hakuna televisheni. Watu wanasimama kando ya njia na mbwa wao.

Nataka kwenda, dada. Lakini najua nyumba niliyotoka. Mchezaji wa Bagalu havuki kwenda Bagika. Watazamaji wanavuka, mchezaji havuki. Baba aliacha kusalimiana na mdogo wake mwenyewe kwa sababu hiyo mpaka tulipomzika. Nikivaa rangi za wale tuliowatukana, nitamwambia nini? Na wimbo wake wa kioo ukiimbwa wakati mimi siko kwenye kioo wala kwenye timu?

Wananipa mpaka mwezi wa saba kujibu. Baba akisema hapana nitarudi nyumbani, nitakulelea Rebeka.

Usimwambie kwanza. Au mwambie. Sijui.

Shimba


Kisesa, 28 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anasema ule, ukilia ule pia. Mahindi ya bondeni tumevuna. Rebeka anatembea, na ametembea mbele za watu, utaona huko mbele. Usiruke, soma kwa mpangilio.

Barua yako Elias aliileta siku kumi kabla ya ngoma. Niliisomea nyuma ya zizi. Nilikaa nayo usiku mmoja tu, maana mimi si wewe. Asubuhi nikamkuta baba anapaka majembe mafuta, nikamsomea yote, na pale pa mdogo wake pia. Sikupunguza.

Alipaka lile jembe mpaka likawa halishikiki. Kesho yake hakufundisha vijana. Keshokutwa akavaa koti la kanisani, akavuka barabara, akaingia kwa Yeremia. Mama alishika kichwa, akanisukuma nimfuate, kwa hiyo yote haya nimeyasikia mwenyewe nikiwa kwenye mlango na Rebeka mgongoni.

Yeremia alikuwa anakunywa uji. Akasema, "Chenge na koti. Nani kafa?"

Baba akasema, "Tuseme sina ngoma. Kundi langu limelala, manju wake kauza ngoma, kaondoka na gari. Mwanangu akija kwako na njaa ya kucheza, utamfanyaje?"

Yeremia akafikiri, kijiko kiko mdomoni. "Nitamtukana kwanza," akasema. "Halafu nitampa ngoma."

"Utamtukana vizuri?"

"Kama ninavyokutukana wewe."

Baba akakaa, akapewa uji, akamwambia habari zako zote, mwanzo mpaka mwisho, kioo na ndege na yule bwana wa fulana juu ya tai. Mimi mlangoni nilitaka kufa. Mtu anampelekea adui yake kisu, na koti la kanisani juu. Walikaa mpaka kivuli kikageuka. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Baba, umempa Yeremia habari za Shimba, na ngoma ni wiki ijayo?" Akasema, "Ungeuliza mapema."

Siku yenyewe watu walikuja mpaka wa Usagara. Vumbi tupu. Baba hakuwa na wimbo. Ule wa kioo aliutupa, na mpya haukuiva, akarudia wa miaka ile ya njaa. Majembe yalirushwa, yalidakwa, watu walisimama kwetu kwa heshima, unajua ile heshima ya kumtazama mgonjwa.

Halafu Yeremia akapanda juu ya pipa. Akaanza kwa sauti ya chini, na mimi nikafunga macho, nikasema sasa tunazikwa.

Aliimba hivi:

*Nimesikia mfalme wa mbali kauza majirani zake,*
*kanunua taa ili aonekane anavyopigwa.*
*Mfalme, ukianguka huko nani atakucheka kwa jina lako?*
*Mtoto wa Chenge umemwacha barabarani na miguu yake.*
*Lete, sisi Bagika tunaijua hiyo miguu,*
*inatukimbia tangu ina kamasi.*

Shimba, watu walikwenda. Walikwenda kama maji. Kila aliyekuwa kwetu alivuka, wamama wenye beseni, wazee wa kigango, fundi Antoni na koleo lake. Vijana wetu wenyewe walibaki na majembe mikononi wanacheka mpaka mmoja akalidondosha. Yeremia akaongeza beti za mfalme wa fulana na tai, anakagua kichwa chake kama kimo ndani ya kofia. Yule bwana aliyewaambia ninyi ni familia, ninakuhakikishia, amepata familia. Ataimbwa hapa Kisesa wakati wajukuu wake hawajui alikuwa nani. Hicho ndicho kioo chake.

Tumeshindwa vibaya kuliko miaka yote. Baba alisimama peke yake katikati ya uwanja, mikono nyuma. Nikamfuata nimpe maji. Nikakuta anatikisika, nikajua analia. Alikuwa anacheka.

"Kaniibia mwanangu na ngoma yangu kwa wimbo mmoja," akasema. "Mshenzi kabisa yule." Halafu akanipa maneno ya kukuandikia, na nimeyarudia njia nzima nisiyapoteze. Anasema: *Mchezaji havuki kundi lake likiwa uwanjani. Kundi lako lilishaondoka uwanjani. Wewe hujavuka, wewe umebaki. Nenda kwa huyo mzee wa kofia. Lakini akutukane kwanza.*

Na anasema ukishindana uandike aliyekushinda ni nani na anatoka wapi. Hataki kusikia habari za kioo.

King'amuzi kipo juu ya kabati, kuku ametaga juu yake kwa sababu kina joto. Baba amekataza kukizima mpaka vifaranga vitoke. Hiyo ndiyo faida ya televisheni tuliyoiona sisi.

Nestory alikuja siku ya ngoma. Nilimwona upande wa Yeremia na mfuko wa dagaa begani, hajui aangalie wapi. Rebeka naye alivuka na watu, kwa miguu yake, nilikuwa sijamwachia, alichomoka. Alikwenda moja kwa moja akashika suruali ya baba yake kama anayeshika kinu. Sijamsemesha. Nimempa uji. Tutaona.

Sasa vaa hizo rangi za maadui. Ukinawa mikono ya jikoni, jibu huyo mzee.

Dada yako,
Bernadeta


Marekani, 21 Septemba 2025

Shikamoo dada, na shikamoo zao wote. Nimeandika kwa herufi kubwa ili baba ajisomee.

Nipo ng'ambo ya mto. Chumba changu kinatazama chuo cha zamani, usiku taa zao mpya zinanisumbua kulala. Jana walicheza mpira wao wa kofia mbali sana, lakini walikuwa wameziwasha kwenye uwanja mtupu. Watu wa huku waliziangalia wakasema labda wanatafuta timu.

Siku ya kwanza yule kocha alinipanga mbele ya wenzangu akasema, "Huyu ndiye yule aliyekuwa anakimbia kama mtu anayedaiwa." Wakanipigia kengele za ng'ombe mpaka masikio yakauma. Halafu akanipa viatu.

Leo asubuhi tumekimbia kwenye shamba la mahindi la mtu. Nimekuwa wa pili. Aliyenishinda anatoka mji unaofuata, baba yake ana ng'ombe wa maziwa, ana meno yaliyoachana hapa mbele. Tulipovuka mstari akanishika bega akaniambia nina miguu ya korongo na akili ya korongo. Mama yake alikuwa anamkanya huku anacheka.

Tunakutana naye tena Jumamosi. Mwambie baba nahitaji la kumjibu, na kama amekwama, avuke barabara amuulize Mzee Yeremia.

Shimba